Shukrani ni Kazi: Funzo la Shule Moja ya Mji wa Kale Wakati wa Korona

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Mwezi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba ugonjwa wa korona si tena dharura ya afya ya kimataifa, wengi wetu tulisema Alhamdulillahi, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Neno hilo ni zito katika mizani, na ni wajibu wa kila aliyevuka salama kulitamka. Lakini yapo maswali mawili ambayo yafaa kila mzazi ajiulize. Je, baada ya kumshukuru Mola wetu aliyetuvusha, tumewashukuru na wale aliowafanya kuwa sababu ya kuvuka kwetu? Na je, shukrani hiyo tumeitoa kwa ulimi peke yake?

Nayauliza hayo kwa sababu niliyaona yakijibiwa, tena kwa vitendo, na shule moja ndogo ya binafsi katika Mji wa Kale, Mombasa, ambako wanangu wawili walikuwa wakisoma elimu ya kawaida asubuhi na madrasa alasiri. Sitaitaja shule hiyo kwa jina, wala walimu wake, kwa kuwa wenyewe walipenda iwe hivyo kwa kuchelea riya. Nitasimulia niliyoyaona, na nitaanza kwa kukiri kwamba katika kisa hiki mimi si miongoni mwa wanaostahiki kusifiwa.

Siku malango yalipofungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili iliyofuata, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, na za bweni kufikia Jumatano. Watoto waliokuwa wameandaa sare na madaftari yao Jumapili usiku waliamka Jumatatu wasiwe na mahali pa kwenda. Wala hawakuwa peke yao. Kwa mujibu wa UNESCO, katika kilele cha janga hilo wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5, katika nchi zaidi ya 190, walikuwa nje ya madarasa.

Misikiti nayo ikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya usiku. Tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika kaunti ya Mombasa. Kisha tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, na ukabaki hivyo kwa muda wa mwezi mmoja. Anayeujua Mji wa Kale katika Ramadhani anaelewa maana ya jambo hilo. Vichochoro vilivyozoea harufu ya mahamri na kaimati, na sauti za watu wakitoka tarawehe, vilinyamaza. Sala ya Idi tuliisali majumbani, baba akiwa imamu na watoto wakiwa safu.

Kufunga hakukuwa udhaifu wa imani

Wakati ule palikuwa na manung'uniko. Baadhi yetu tuliuliza: Je, kumkataza mtoto asiende chuoni kusoma Qur'ani si kukimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Mwalimu mkuu wa madrasa, mzee aliyewasomesha baba na wana katika mtaa ule, alitujibu kwa kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.).

Khalifa huyo alikuwa safarini kuelekea Sham alipofika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine, na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika penye bonde lenye pande mbili, moja yenye malisho na nyingine kavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari ya Mola wake. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Maneno ya mzee yalitutuliza. Tukafahamu kwamba kufunga lango la shule ni kuchukua hadhari, na kuchukua hadhari ni katika dini.

Masomo yaliyopitia dukani

Shule ilipofungwa, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeperusha vipindi vya masomo kwenye redio, televisheni na intaneti. Hiyo ilikuwa kheri kubwa. Hata hivyo, nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa na simu moja tu yenye uwezo wa intaneti, nayo ilikuwa ya baba, na baba alipotoka ilitoka naye.

Walimu wa shule ile walikaa wakatafuta njia. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, mwalimu wa kila darasa alirekodi somo fupi la sauti na kulituma kwa wazazi kupitia WhatsApp, ili mtoto alisikilize kabla ya simu kuondoka nyumbani. Kwa wale wasiokuwa na simu hiyo, maswali yaliandikwa kwenye karatasi na kuachwa katika duka la mtaa. Mtoto aliyetumwa mkate alirudi na mkate na karatasi ya hesabu. Majibu yalirejeshwa dukani hapo hapo, na mwenye duka akayaweka katika boksi mpaka mwalimu apite.

Kwa upande wa madrasa, walimu waligawana wanafunzi, na kila mtoto akapigiwa simu ya kawaida mara kadhaa kwa wiki kusomeshwa aya chache. Ramadhani ilipoingia, wakazigawa juzuu thelathini za Qur'ani katika nyumba thelathini. Kila nyumba ikasoma juzuu yake, wakubwa na wadogo, na khitma ikakamilika bila ya watu wawili wa nyumba mbalimbali kukaa pamoja.

Nilifurahia hayo yote. Kila asubuhi niliisikia sauti ya mwalimu wa binti yangu ikitoka katika simu yangu. Lakini sikujiuliza mwalimu yule anakula nini.

Mwalimu aliyeuza viazi

Ndugu msomaji, yafaa tuelewe jinsi shule za namna ile zinavyoendeshwa. Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali kupitia Tume ya Huduma kwa Walimu aliendelea kupokea mshahara wake shule zilipofungwa. Mwalimu wa shule ya binafsi hulipwa kutokana na karo, na mwalimu wa madrasa hulipwa kutokana na ada ndogo inayotolewa na wazazi. Karo ilipokatika, mishahara ilikatika nayo. Hali hiyo ilienea nchi nzima. Baadhi ya shule za binafsi zilifungwa moja kwa moja, na huko Mwea, kaunti ya Kirinyaga, ilikuwako shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku ili mwenyewe apate riziki.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimamisha karo. Nilikuwa na kazi, na mshahara wangu ulikuwa umepunguzwa lakini haukukatika. Nilijiambia kwamba watoto wako nyumbani, basi ninalipia nini? Isitoshe, nilikuwa na baki ya muhula wa kwanza ambayo sikuwa nimeimaliza kabla ya shule kufungwa, na hiyo pia nikaikalia.

Mwezi Juni, baada ya Mji wa Kale kufunguliwa, nilipita kwenye kichochoro kimoja jioni nikielekea nyumbani kuiwahi kafyu. Nikamkuta mwanamke aliyevaa barakoa akikaanga viazi vya karai kwenye kibaraza cha nyumba. Niliagiza vya kupeleka nyumbani. Aliponiitikia salamu niliitambua sauti ile, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiisikia kila alfajiri. Alikuwa mwalimu wa binti yangu.

Sikujua la kusema. Yeye hakulalamika wala hakunitajia deni. Alinifungia viazi, akaongeza viwili juu, akasema, "Hivi ni vya mwanafunzi wangu. Mwambie kesho tuna hesabu za sehemu, asichelewe."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari, ambamo Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake.

Deni si sadaka

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na kwamba madarasa yataanza upya Januari 2021. Kwa shule yetu habari hiyo ilimaanisha nusu mwaka mwingine bila ya karo. Kamati ya wazazi ikaitisha kikao kwa njia ya simu.

Mzazi mmoja mwenye uwezo alitoa rai kwamba atoe zaka yake wapewe walimu, na jambo liishe. Rai hiyo ilipendeza wengi, mimi nikiwemo, kwa kuwa ilitupunguzia mzigo. Lakini mzee wetu wa madrasa alitusahihisha kwa upole. Alisema kwamba mwalimu aliyefikwa na ufukara anaweza kuingia katika mafungu ya wanaostahiki zaka yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na mwenye kumpa hana kosa. Ila mtu hawezi kulilipa deni lake kwa zaka na kusema ametekeleza mambo mawili. Baki ya muhula wa kwanza ni deni. Walimu walikwisha fundisha, nao hawaombi, wanadai. Ama miezi iliyofuata, ikiwa tunataka sauti zao ziendelee kuingia majumbani mwetu kila asubuhi, basi na tukubaliane ujira wake sasa, tusiwaache wafanye kazi kwa kutuonea haya.

Kisha akatukumbusha pande zote mbili za hukumu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha deni huwa amedhulumu. Na katika Suratul Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi.

Kwa msingi huo kikao kilipitisha mambo matatu. Mwenye mapato alipe baki yake yote, na kuanzia hapo alipe nusu ya karo kila mwezi. Aliyepunguziwa mapato alipe kiasi anachokiweza, kwa ahadi anayoiweka mwenyewe. Aliyepoteza kazi asidaiwe chochote, na jina lake lisijulikane isipokuwa na mweka hazina. Wapo akina mama wachuuzi ambao hawakutakiwa kulipa, nao walikataa kusamehewa kabisa. Walileta unga, mchele na nazi, na vitu hivyo vikagawiwa walimu kama vilivyokuja.

Mimi nililipa baki yangu siku ya pili yake. Nilipompigia simu yule mwalimu kumwomba radhi, alinijibu kwamba alikwisha niombea dua tangu zamani.

Waliorudi na wasiorudi

Tarehe 12 Oktoba 2020 walirejea wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Waliosalia walirejea tarehe 4 Januari 2021. Mitihani ya kitaifa iliyokuwa ifanywe mwaka 2020 ilifanywa kuanzia Machi 2021. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa wamezifungua shule zao zote tangu 29 Juni 2020, ilhali jirani zetu wa Uganda walisubiri hadi tarehe 10 Januari 2022 ndipo madarasa yote yaliporejea, baada ya karibu miaka miwili. Mwenye kutazama huku na huku ataona kuwa kila mmoja ana la kushukuru na la kusubiria.

Si haki kusimulia kana kwamba wote walivuka. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa amekwisha rudi kwao bara, akapata kazi nyingine, na hatukumlaumu. Watoto kadhaa hawakuonekana siku ya kwanza. Walimu waliwafuata nyumba kwa nyumba. Mvulana mmoja alikutwa akisukuma mkokoteni wa maji, na nyumbani kwao wote walikuwa wakitegemea mkokoteni huo. Ilibidi mfuko wa wazazi ukae na baba yake, wakubaliane namna ya kuisaidia nyumba, ndipo mtoto akarudi darasani. Wengine wawili hawakurudi. Na yule mzee wetu wa madrasa alifariki dunia kabla ya watoto wote kurejea. Alizikwa na watu wachache, kama ilivyotakiwa wakati ule, na wanafunzi wake wakamsomea majumbani mwao, kila nyumba juzuu yake. Mwenyezi Mungu amrehemu na alifanye kaburi lake kuwa bustani katika mabustani ya Peponi. Amin.

Asubuhi ya tarehe 4 Januari, kabla ya somo lolote, mwalimu mkuu aliwakusanya watoto uwanjani, wakiwa na barakoa na wameachana nafasi. Waliomba dua. Kisha akawataja mmoja mmoja watu wanaopaswa kushukuriwa: mwenye duka aliyetunza karatasi, akina mama walioleta unga, wauguzi wa mtaa, mzee aliyefariki, na walimu waliokuwa wamesimama hapo. Wengi wetu tuliokuwa tumesimama nje ya lango tulilia.

Shukrani ni kazi

Ndugu zangu katika imani, Mwenyezi Mungu ameahidi katika Surat Ibrahim, aya ya 7, kuwazidishia wanaoshukuru. Na katika Surat Saba, aya ya 13, amewaamrisha jamaa wa Nabii Daud (a.s.) wafanye kazi kwa kushukuru, na akabainisha kuwa wanaoshukuru katika waja wake ni wachache. Maulamaa wanatufundisha kutokana na aya hiyo kwamba shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Mtume (s.a.w.) naye ametufunza, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu huwa hakumshukuru Mwenyezi Mungu.

Tena tukumbuke thamani aliyopewa mwalimu katika dini yetu. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, inasimuliwa katika sira kwamba mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliachiliwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Ikiwa kumfundisha mtoto kulitosha kumkomboa mtu kifungoni, vipi sisi tuone karo ya muhula ni ya kujadiliwa?

Kutokana na kisa hiki, kila familia inaweza kuchukua mambo manne.

Kwanza, ayakague madeni yake kila mwenye mtoto shuleni au madrasani. Ikiwa ipo baki ya karo au ada ya mwalimu wa Qur'ani tangu siku zile za korona, na uwezo upo, alipe. Kupita kwa miaka hakufuti deni.

Pili, tusichanganye deni na sadaka. Mwalimu apewe ujira wake akiwa na heshima yake, na sadaka ije baada ya hapo.

Tatu, kila shule na kila madrasa iwe na mfuko mdogo wa dharura. Shule niliyoisimulia ingali na mfuko wake mpaka leo. Kila mzazi huchangia kidogo kila muhula, na mwalimu anayefikwa na msiba au maradhi husaidiwa humo bila ya kupitisha bakuli.

Nne, tuwafundishe watoto wetu kutaja wema waliotendewa, kwa majina. Mtoto aliyevuka mwaka 2020 akiwa darasa la pili sasa ni kijana. Mwulize kama anamkumbuka aliyemfundisha wakati ule. Ikiwa mwalimu huyo yu hai, mpeleke akamsalimie. Ikiwa amefariki, amwombee.

Mimi nilimchukua binti yangu tukaenda. Yule mwalimu bado anafundisha, na jioni bado anakaanga viazi, kwa kuwa biashara ile ilimtengenezea riziki asiyotaka kuiacha. Hatukuruhusiwa kulipa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia katika janga lile, awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri walimu wetu waliofundisha bila ya malipo, atujaalie kuwa miongoni mwa wachache wanaoshukuru, na atusamehe kwa ucheleweshaji wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.